Mashine Ifuate Mkono: Jinsi Hausi ya Sauti Asilia Inavyotengenezwa Nairobi

Hausi ya sauti asilia ni muziki wa dansi unaotengenezwa kwa kompyuta, lakini ndani yake msikilizaji anasikia mbao, ngozi, nyuzi, pumzi na kiganja cha mkono. Uti wake wa mgongo ni uleule wa hausi yote: dundo zito la chini, ambalo maprodyuza huliita kiki, likipiga mara nne katika kila kipimo bila kukosa, kwa kasi ya mapigo kama 118 hadi 124 kwa dakika. Juu ya uti huo hupandwa nyama ya ala halisi na sauti za mahali halisi. Kazi ya prodyuza ni kuviunganisha viwili hivyo bila kimoja kukila kingine. Nairobi ina kila kitu kinachohitajika kwa kazi hiyo, na sehemu kubwa yake inapatikana kwa mwendo wa miguu kutoka mtaa wa Nyayo Highrise.

Kutoka Chicago hadi Nairobi

Hausi ilizaliwa Chicago, Marekani. Jina lake linatokana na The Warehouse, klabu iliyofunguliwa mwaka 1977, ambako Frankie Knuckles alikuwa akizirefusha na kuziunganisha santuri za soul na disko ili wachezaji wasitue. Miaka michache baadaye vijana wa mji huo walianza kutunga muziki wao kwa mashine za ngoma za kampuni ya Kijapani ya Roland: TR-808 ya mwaka 1980 na TR-909 ya mwaka 1983. Mashine hizo zilikuwa na nidhamu ya saa ya ukutani. Nidhamu hiyo ndiyo nguvu ya hausi, na ndiyo hiyohiyo inayoifanya ichoshe haraka ikikosa mkono wa mtu.

Afrika Kusini iliutia muziki huo mkono. Tangu miaka ya 1990 hausi ilipoa mwendo na kuzaa kwaito, kisha ikapokea ngoma na uimbaji wa kienyeji hadi ikaitwa Afro hausi. Mwaka 2022 Black Coffee wa nchi hiyo alishinda tuzo ya Grammy kwa albamu yake Subconsciously, katika kundi la muziki wa dansi na wa kielektroniki.

Kenya nayo haikukaa kitako. Kundi la Just A Band, lililoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa albamu ya Scratch to Reveal mwaka 2008 na 82 mwaka 2009, zikichanganya fanki, hausi na maneno ya mitaani. Video ya wimbo wao Ha-He, iliyotoka mwaka 2010, ndiyo iliyomfanya Makmende, shujaa wa kubuni wa video hiyo, aenee nchi nzima. Mwaka 2011 Owiny Sigoma Band, iliyowakutanisha wanamuziki wa London na mpiga nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) Joseph Nyamungu, ilitoa albamu yake ya kwanza, ambamo nyatiti na sinthesaiza vinasimama bega kwa bega. Coco Em wa Nairobi alitoa mkusanyiko wa nyimbo mwaka 2022 akauita Kilumi, jina la ngoma ya Wakamba. Mwaka 2023 prodyuza Zerb wa Brazili alitoa Mwaki, wimbo ambao Sofiya Nzau anauimba kwa Kikuyu. Neno hilo maana yake ni moto. Wimbo huo ulichezwa katika kumbi za nchi ambazo wakazi wake hawajui hata neno moja la Kikuyu. Shirika la Santuri, kwa upande wake, limekuwa likiwafundisha vijana wa Afrika Mashariki kazi hii, na mwaka 2021 lilianzisha chuo cha muziki wa kielektroniki jijini Nairobi.

Ghala la sauti

Mtaa wa Nyayo Highrise uko kando ya barabara ya Mbagathi, ghorofa zake zikitazama mapaa ya mabati ya Soweto Mashariki, mojawapo ya vijiji vya Kibera. Kwa mtengenezaji wa muziki, hapa ni ghala. Kibera ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kama makao ya askari Wanubi, na katika arusi za Wanubi doluka, ngoma ya wanawake, ingali inachezwa. Waluo walikuja na nyatiti na orutu. Waluhya walikuja na isukuti, inayosikika pia Kawangware, ng'ambo ya barabara ya Ngong. Wakamba wana ngoma zao, na watu wa pwani wana kayamba na ngoma ya chakacha.

Zaidi ya ala, kuna sauti za mahali penyewe. Reli ya Kisumu inakata katikati ya Kibera, na gari moshi likipita honi yake hutangulia, kisha magurudumu hugonga maungio ya vyuma kwa mpigo wake. Mafundi wa jua kali hufua chuma. Mvua ya masika huanguka juu ya mabati, kwanza tone kwa tone, kisha kwa kishindo. Ndege ndogo hupaa kutoka uwanja wa Wilson. Sauti za namna hii zikirekodiwa na kuwekwa chini kabisa ya wimbo, kwa kiwango ambacho msikilizaji anazihisi kabla hajazitambua, wimbo hupata hewa na mahali pa kukaa.

Mkenya aliyeifikisha mbali kazi ya kurekodi mazingira ni Joseph Kamaru, anayejulikana kama KMRU, mjukuu wa mwanamuziki wa Kikuyu wa jina hilohilo aliyefariki mwaka 2018. Albamu yake Peel ya mwaka 2020 ni ya muziki wa utulivu wala si ya dansi, lakini somo lake linamfaa kila prodyuza wa hausi: kabla ya kutafuta sauti kwenye programu, fungua dirisha usikilize.

Ala nne na tabia zake

Nyatiti ina nyuzi 8. Mpigaji huketi chini akiwa amevaa kengele za gara mguuni na pete ya chuma iitwayo oduong'o kwenye kidole gumba cha mguu. Vidole vinapotembea juu ya nyuzi, pete hugonga fremu ya ala na kengele hulia. Mtu mmoja, kwa hiyo, anatoa melodi, dundo na mchakacho kwa wakati mmoja, na mdundo wa oduong'o ni jamaa wa karibu wa kiki ya hausi. Prodyuza mwenye sikio hazibi mdundo huo kwa kiki yake. Huuacha usikike na kuifanya kiki iutumikie.

Orutu ina uzi mmoja tu, unaosuguliwa kwa upinde. Sauti yake huteleza kati ya noti na noti kama sauti ya mtu anayelia au anayesifu, na hicho ndicho kitu kinachoishinda kibodi. Vipande vifupi vya orutu, vya sekunde mbili au tatu, hutosha kuubeba wimbo mzima vikiitwa na kujibiwa.

Isukuti ni ngoma tatu za ukubwa tofauti zinazopigwa kwa mikono na Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka dansi ya isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma hizo huzungumza zenyewe kwa zenyewe. Akirekodiwa mpigaji mmoja mmoja katika vyumba tofauti, mazungumzo hufa. Ni lazima wapigaji waonane.

Kayamba ya pwani ni bapa la matete lenye mbegu ndani. Hutikiswa upande hadi upande huku vidole gumba vikigonga mgongo wake. Ndiyo inayochukua nafasi ya hai-hati, mlio wa matoazi madogo, ya mashine, na inahitaji uangalifu wa pekee utakaoelezwa mbele.

Makubaliano kabla ya maikrofoni

Kabla ya kitufe cha kurekodi kubonyezwa, jambo la malipo na majina huwa limemalizwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinapata fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ilitungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, nayo inadai ridhaa ya wenyewe itangulie. Mpigaji aliyeingia studio naye ana haki zake kama msanii chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Karatasi ya makubaliano haihitaji kuwa ndefu. Hutaja jina la mpigaji jinsi litakavyoandikwa kwenye wimbo, malipo ya siku, asilimia yake katika mapato ya baadaye, na iwapo vipande vyake vinaweza kutumiwa katika nyimbo nyingine. Sehemu ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu kipande cha sekunde nne kinaweza kuishi miaka mingi. Kothbiro, iliyorekodiwa na bendi ya Black Savage ya Nairobi katika miaka ya 1970, iliibuka mwaka 2018 ndani ya wimbo Yikes wa Kanye West. Majina ya Wakenya waliohusika yaliingia katika orodha ya watunzi. Hivyo ndivyo inavyostahili kuwa, kwa mwanamuziki mashuhuri na kwa mzee anayepiga nyatiti uani.

Kurekodi katika chumba cha ghorofa

Chumba cha kulala cha ghorofa kina kuta za zege zinazotazamana, na sauti hurukaruka kati yake. Ala ikiwa mita moja na nusu kutoka ukutani, sauti huenda na kurudi kwa takriban milisekunde 9, yaani sehemu 9 kati ya elfu za sekunde moja. Sikio haliusikii mwangwi huo kama mwangwi. Linasikia ala iliyo ndani ya pipa. Dawa yake haiko mbali. Magodoro mawili yakisimamishwa nyuma ya mpigaji, blanketi nzito mbele ya dirisha, na waya wa nguo uliojaa makoti ya mitumba kutoka soko la Toi, chumba hutulia. Makoti ya sufu hunyonya sauti za juu vizuri kuliko povu jembamba linaloning'inizwa kwa ajili ya picha.

Kwa nyatiti, maikrofoni moja huelekezwa kwenye ngozi ya ala kutoka umbali wa shubiri mbili, na ya pili, ikiwepo, karibu na mguu wenye oduong'o. Ikiwa ipo moja tu, husogezwa taratibu huku mpigaji akipiga na prodyuza akisikiliza kwa hedifoni, hadi nyuzi na pete zipate uwiano. Kusogeza maikrofoni kwa upana wa kiganja hubadilisha sauti zaidi kuliko saa nzima ya kuhangaika na ikwalaiza. Kurekodi hufanywa kwa biti 24, huku kilele cha sauti kikiachiwa nafasi ya kutosha chini ya kikomo, maana mpigaji akichangamka huongeza nguvu bila kuaga.

Kosa la kawaida ni kumvisha mpigaji hedifoni zenye mlio wa saa na kumdai aufuate kama askari kwenye gwaride. Njia iliyo bora ni kumwacha apige dakika tano kwa mwendo wake, kuupima mwendo huo, kisha kuiweka programu katika kasi hiyo. Kama mkono wa mzee unakaa kwenye mapigo 117, wimbo uwe wa 117. Akihitaji mwongozo, achezewe kayamba iliyokwisha kurekodiwa, kwa sababu mtu humfuata mtu kwa urahisi zaidi.

Gridi na milisekunde

Programu kama FL Studio na Ableton Live hupanga muziki juu ya gridi. Kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500, na robo ya pigo huchukua 125. Kila sauti ikiangukia mstari wake barabara, wimbo huwa safi na umekufa. Uhai hukaa katika tofauti ndogo.

Tofauti ya kwanza ni ya wakati. Robo mbili za pigo kwa pamoja huchukua milisekunde 250. Ile ya pili ikisogezwa kutoka nusu kamili hadi asilimia 58, huanguka kwenye 145 badala ya 125, na mwendo huanza kuyumba kiuno. Mashine zina kitufe cha kufanya hivyo, lakini kitufe husogeza kila kitu kwa kipimo kimoja. Ni afadhali kuchukua kipande cha mpigaji halisi, kutazama mahali ambapo mapigo yake yameangukia, na kuzipanga ngoma za kompyuta zimfuate yeye.

Tofauti ya pili ni ya nguvu. Katika lugha ya MIDI, iliyoanza mwaka 1983, nguvu ya pigo hupimwa hadi ngazi 127. Mpigaji hana mapigo mawili ya ngazi moja: mkono wake wa kulia ni mzito, wa kushoto ni mwepesi, na pigo linalotangulia mkazo huwa dogo. Kurekodi kila ngoma mara nane au kumi, kwa upole na kwa nguvu, na kuzipokezanisha sampuli hizo, huondoa ile hali ya bunduki ambapo sauti ileile inajirudia.

Kayamba huonyesha jambo hili kwa karibu. Mkono unapogeuka, mbegu hazifiki upande wa pili papo hapo. Huteleza kwanza ndani ya matete, kisha hugonga. Kwenye skrini mchoro wa sauti huonekana kama kilima: mwinuko mwembamba, halafu kilele. Prodyuza akiupanga mwanzo wa mwinuko kwenye mstari wa gridi, kayamba nzima husikika imechelewa, na wengi huilaumu ala. Kinachotakiwa ni kilele kikae kwenye mstari na mwinuko utangulie. Kusogeza huko kudogo, pengine kwa milisekunde 20 au 30, hubadilisha kila kitu: kiki huonekana kama inavutwa na mbegu.

Chakacha huleta jambo la tatu. Mwendo wake wa asili ni wa sita kwa nane, yaani kila pigo kuu hugawanyika mara tatu, wakati hausi huligawa mara nne. Si lazima kimoja kiuawe. Kiki ikibaki kwenye pigo kuu, chapuo, ngoma ndogo, ikigawa mara tatu na kayamba mara nne, mapigo hukutana kila baada ya milisekunde 500 na kuachana katikati. Mchezaji huchagua mwenyewe mguu wake ufuate upi.

Tuni ya ala ndiyo kiongozi

Nyatiti haikutengenezwa kwa kipimo cha piano. Mpigaji huikaza kwa sikio na kwa sauti ya kuimbia, na baadhi ya nyuzi hukaa katikati ya noti mbili za kibodi. Programu ya kunyoosha sauti ikitumiwa hapo huiua ladha iliyotafutwa. Katika vipimo vya muziki nusu toni ina senti 100, na karibu kila sinthesaiza inaweza kusogezwa senti moja moja. Kwa hiyo besi na kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, husogezwa hadi ziifuate nyatiti, moja baada ya nyingine, jioni nzima kama ikibidi. Kodi zenyewe zisiwe nyingi. Noti mbili zilizoshikiliwa chini ya melodi ya nyuzi hutosha, na noti ya tatu mara nyingi huanza ugomvi.

Besi, nafasi na mwangwi

Sauti za chini hazigawiki. Kiki ikikaa kati ya hezi 50 na 60, besi hupewa nafasi juu kidogo, au hupunguzwa kwa muda mfupi kila kiki inapopiga, kwa kompresa inayoisikiliza kiki. Ngoma kubwa ya isukuti nayo inataka eneo hilohilo. Hapo uamuzi hufanywa: ama ngoma iwe ndiyo besi, ama ipunguzwe chini ya hezi 100 na kuachiwa mlio wa ngozi. Vyote vikiachwa, spika hunguruma bila kusema neno.

Mwangwi ndio unaoziweka sauti za vyumba tofauti katika chumba kimoja. Ala zote zikipelekwa kwenye mwangwi mmoja mfupi, sikio huamini zilikuwa pamoja. Mahali halisi panaweza kukopwa pia: puto likipasuliwa kwenye ngazi za ghorofa na mlio wake kurekodiwa, kuna programu zinazoweza kuugeuza mlio huo kuwa mwangwi wa ngazi hizohizo, na uimbaji ukapitishwa humo. Ukwaruzo kidogo wa mfano wa tepu, ukitiwa juu ya sinthesaiza peke yake, hulainisha kingo zake ili isitofautiane mno na mbao na ngozi.

Mpangilio wa wimbo

Kwa mapigo 120, kipimo kimoja huchukua sekunde 2, na vipimo 16 huchukua sekunde 32. Wimbo wa dakika 6 una vipimo 180. Vipimo vya mwanzo na vya mwisho huachiwa ngoma tupu ili dijei apate pa kuunganishia. Katikati, kitu kimoja huingia au kutoka kila baada ya vipimo 8 au 16, na ndani ya muda huo mabadiliko madogo ya nguvu na mwangwi huendelea bila kukoma.

Sehemu ya katikati, ambapo kiki hunyamaza na watu husubiri irudi, ina ndugu yake wa zamani katika muziki wa Kiluo. Katika pakruok, mtu hutoa pesa, muziki husimama, naye hujisifu au humsifu rafiki yake kwa maneno aliyoyatunga. Akimaliza, nyuzi hurudi na uwanja hulipuka. Watunzi wa Nairobi hawana haja ya kuazima namna ya kusimamisha wimbo. Sauti ya mtu, ukimya mfupi, pete moja ya oduong'o, kisha kiki: mpangilio huo ulijaribiwa katika boma za Nyanza muda mrefu kabla ya The Warehouse kufunguliwa.

Kuupima wimbo

Wimbo uliokamilika husikilizwa mahali pengi. Kwenye simu ndogo, kiki hupotea, na melodi ya nyatiti na kayamba ndizo zinazopaswa kuubeba wimbo zenyewe. Ndani ya matatu yenye spika kubwa chini ya viti, besi iliyozidi hujitangaza mara moja. Kwenye spika za sebuleni, kwa sauti ya chini, uimbaji usiosikika maneno hurudishwa kwenye miksi.

Kipimo cha mwisho ni mpigaji mwenyewe. Huitwa, huketishwa, na huchezewa wimbo tangu mwanzo hadi mwisho bila maelezo. Akiuliza ni nani anayepiga, mashine imemeza mkono na kazi irudi mezani. Mguu wake ukianza kugonga sakafu mahali palepale ambapo oduong'o ingegonga, wimbo uko tayari kutoka.